Sahani za Bi Badriya na Bibi Tabia

Kila alasiri Faiza akirudi skuli, huitwa kabla hajavua viatu.

"Faiza!"

"Naam, Bibi."

"Mpelekee Bi Badriya sahani yake. Na usifunue!"

Bi Badriya ni jirani yao hapo Malindi, Unguja. Wazee wake walitoka Omani, na wazee wa Bibi Tabia walitoka bara, lakini wao wawili wamezeeka ukuta mmoja. Bi Badriya akipokea sahani, hutia na yeye chakula chake, kwani mtaani kwao ni aibu kurudisha sahani tupu.

Siku moja hamu ilimzidi Faiza. Alisimama kwenye ngazi, akainua kawa juu ya sahani, akachungulia. Kaimati, zimelowa shira! Wakati wa kurudi akachungulia tena. Halua!

Faiza alishangaa. Bibi ana kisukari, na kidonda cha mguuni hakiponi. Daktari ameshasema kikizidi, kidole kitakatwa. Bi Badriya naye ana kisukari.

"Bibi, si ulimwahidi dada Thuwaiba hutokula vitamu?"

Bibi akacheka. "Nilimwahidi sitokula ninavyopika miye. Hii kapika Bi Badriya. Naye kamwahidi mjukuu wake Muhannad vivyo hivyo. Ukinyamaza, nitakubakishia."

Jioni dada Thuwaiba alirudi kutoka dukani Darajani. Alimchukua mwanawe, ambaye bibi humlelea mchana kutwa, akamlaza, kisha akapiga magoti kumsafisha bibi kidonda.

"Mbona hakipungui? Nakosea wapi?" alisema, machozi yakimlengalenga.

Faiza alishindwa kuvumilia. "Hukosei, dada. Ni zile sahani."

Bibi alimkata jicho. Thuwaiba hakugomba. Alikwenda kumwita Muhannad, naye akaja na bibi yake.

"Kumbe bibi zetu wanafanya magendo!" Muhannad alisema. Hata Bibi Tabia alicheka.

Wakapatana. Thuwaiba atawapima sukari wote wawili, na Muhannad atawapeleka kliniki. Sahani ziliendelea kwenda na kurudi, sasa zina mchicha na samaki wa kuchoma. Taratibu, kidonda kikafunga.

Siku kilipopona kabisa, Bi Badriya alimvuta Faiza karibu.

"Wajukuu wetu wanatutunza, nasi tunawatunza wao na watoto wao," alisema. "Lakini ukimdanganya anayekuuguza, unampotezea taabu yake, na unaumia mwenyewe. Ukituona tena tunajidhuru, sema, mwanangu. Hata tukikukataza."

"Hata mkinipa halua?"

"Hasa tukikupa halua!"