Joanita Aenda Mwenyewe Kuomba Kazi

Kila asubuhi Yudita alitoka nyumbani kwake Rumonge kwenda Kigwena kufanya kibarua. Huko alibeba vikapu vya machikichi yanayokamuliwa mawese. Jioni alirudi ameshika kiuno. Binti yake Joanita alimkanda kwa maji ya moto, na roho ilimuuma. Alitaka sana mama yake apumzike.

Joanita alikuwa na ufundi wake. Walipokuwa wakimbizi Tanzania, alisomea kuoka mikate na akapata cheti. Lakini tangu warudi Burundi, cheti hicho kililala chini ya godoro. Kila aliposikia kuna kazi mahali, alibaki nyumbani.

"Watanicheka," alisema. "Kifaransa changu kibovu. Wataniambia hapana mbele ya watu."

Siku moja zikaja habari kwamba bulanjeri ya karibu na soko inatafuta mwoka mikate. Joanita akafikiri, akapata akili ya ajabu. Akamtuma mjomba wake, Melkiades.

Mzee Melkiades ndiye msemaji wa harusi zote za ukoo. Posa ikipelekwa, yeye husimama na kusema. Basi alivaa koti, akashika fimbo, akaenda kwa Revokatus, mwenye bulanjeri. Akasema kama anavyosema kwenye posa. Alimsifu babu. Akawasifu ng'ombe wa babu. Akasifu adabu ya Joanita tangu alipokuwa mgongoni kwa mama yake. Mikate hakuitaja hata mara moja.

"Muzee," Revokatus alimkatiza, "uko unaniletea mufanyakazi ao bibi? Bibi niko naye tayari. Uyo mutoto mwenyewe iko wapi?"

"Anaona haya."

"Basi siwezi."

Mjomba akarudi nyumbani. "Wamekataa," alisema. Joanita akajifunika kitenge mpaka kichwani. Hata ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, hakugusa.

Jirani yao Kaoutar, fundi cherehani mwenye mafundi wengine chini yake, alikuja kurudisha beseni akamkuta vile. Yudita alimsimulia yote. Kaoutar alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafunua kitenge.

"Joanita, mimi pia ninakatalia watu kazi. Unajua sababu? Mara nyingi mashine zimejaa. Mara ingine mutu anajua mashati, na mimi natafuta wa magauni. Hakuna hata mumoja niliyemuchukia. Jioni nimeshasahau."

"Lakini mimi nikiambiwa hapana, dada, nitalia."

"Basi tuizoee. Simama. Mimi ndiye patro, mwenye bulanjeri. Wewe uko unaomba kazi."

Wakaanza palepale uani. Joanita alisalimia, akataja jina lake, akaeleza anajua kuoka nini na alijifunza wapi. Kaoutar akakunja uso.

"Hapana. Sina nafasi."

Joanita akageuka kuondoka.

"Usikimbie!" Kaoutar alisema. "Shukuru kwanza. Halafu uliza: ninakosa nini? Unajua mahali pengine wanatafuta mutu? Kuuliza haina haya."

Wakarudia. Kaoutar alimkataa kwa upole, akamkataa kwa ukali, akamkataa huku anajikuna kichwa. Mwishowe Yudita alicheka hadi akasahau kiuno chake, na Joanita naye akacheka.

Kesho yake Joanita alioka mikate michache, akachukua cheti, akaenda mwenyewe. Revokatus alionja, akatafuna taratibu.

"Mukate ni muzuri sana. Lakini jana nimechukua mutu. Nafasi imejaa."

Hapana yenyewe ndiyo hiyo. Lakini Joanita hakuanguka, na hakuna mtu aliyemcheka.

"Murakoze," alishukuru. "Naomba kuuliza, baba. Nimekosa nini? Na je, unajua mahali pengine wanapotafuta mtu?"

Revokatus alimtazama vizuri. "Haukukosa kitu. Ungekuja wewe mwenyewe badala ya muzee, ningekuchukua. Nenda Magara, kwenye nyumba ya wageni ya Agnesi. Kila siku analalamika juu ya mikate. Mwambie mimi ndiye nimekutuma."

Huko Magara, Agnesi alimpa unga ajaribu. Wageni walimaliza mikate yote, wakaulizia mingine. Joanita akapewa kazi. Habari ya Kifaransa haikuulizwa kabisa.

Sasa Yudita haendi tena Kigwena. Anaamka jua limeshatoka, anakunywa chai, na anamshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wanasikia. Joanita alipeleka mikate ya moto kwa Kaoutar, akamkumbatia, na machozi yakamtoka. Alimpelekea pia mjomba. Mzee anadai zile sifa zake za ng'ombe ndizo zilizofungua njia, nao wamemwachia furaha yake.

Kisha Joanita akaenda kwa Revokatus. Kumpelekea mwenye bulanjeri mikate kungekuwa kichekesho, kwa hiyo alimbebea ndagala wa Magara.

Revokatus alishangaa. "Mbona unanishukuru? Si mimi nilikukataa?"

"Ndiyo, baba," Joanita alisema. "Lakini ulinikataa vizuri. Murakoze cane."