Nyota ya Vipande Kumi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja kabla ya kugusa daftari: kufagia maranda kwenye karakana ya shangazi yake. Karakana yenyewe ilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba, lenye meza moja nzito, misumeno ukutani na redio isiyozimwa. Shangazi alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, makabati na milango. Wateja waliofika mara ya kwanza, wakimwona mwanamke mwenye aproni na penseli sikioni, walichungulia nyuma yake kumtafuta fundi. Shangazi aliwaacha wachungulie mpaka wachoke.

Chiriku hakuandikwa jina hilo kwenye cheti cha kuzaliwa. Alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na aliweza kuanza hadithi mlangoni akaimalizia mezani bila kumeza mate. Hakuona haya kuitwa hivyo. Kwake yeye, mtu mwenye la kusema halafu akanyamaza ndiye wa kuhurumiwa.

Jumanne moja alikuwa akifagia na kuongea kwa pamoja.

"Shangazi, maktaba yetu mpya inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu wa stadi za kazi amesema kila mmoja wetu atengeneze pambo nyumbani. Ijumaa anachagua moja litundikwe juu ya mlango wa maktaba. Na aliyelitengeneza atasimama mbele ya wageni aeleze alivyolitengeneza. Kwa kipaza sauti, Shangazi."

"Hapo kwenye kipaza sauti ndipo moyo wako ulipo," alisema Shangazi bila kuinua macho kwenye randa.

"Nitatengeneza nyota ya mbao. Kubwa hivi." Chiriku alitupa ufagio ili apate mikono ya kuonyeshea. "Nitashinda. Wewe ngoja tu."

Shangazi alicheka, akampa mabaki ya mbao nyembamba. Akamchorea kwenye karatasi: nyota yenye ncha tano, iliyoundwa kwa vipande kumi vya urefu mmoja, kila kimoja kimekatwa mshazari mwishoni ili kikutane na mwenzake.

"Sasa nisikilize, na huo mdomo uupumzishe kidogo," alisema. "Kata kipande kimoja, ukipime mpaka uridhike. Hicho ndicho mama. Kitie alama nyekundu, kisha kiweke pembeni. Mama hagundishwi kwenye nyota. Kazi yake ni kupimiwa tu. Vipande vyote kumi vipimwe kwa mama, sio mtoto kwa mtoto. Ukipima mtoto kwa mtoto, utalia."

"Nimeelewa, Shangazi."

"Umesikia. Kama umeelewa, tutaona."

Jumatano jioni Chiriku alikata kipande cha kwanza. Kilitoka kimenyooka, safi, hakina hata mkwaruzo. Akakigeuza huku na huku, akaona hasara. Kipande kizuri namna hii kikae pembeni bure? Akapimia kipande cha pili juu yake, kisha akakiweka kile cha kwanza kwenye safu ya vipande vya kugundisha. Cha tatu akapima kwa cha pili, cha nne kwa cha tatu, na kuendelea hivyo huku akifuatiza wimbo wa redioni. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Alikuwa na haraka na furaha nyingi.

Lakini mstari wa penseli una unene wake. Kila kipande kilimzidi mwenzake kidogo sana, kiasi ambacho macho hayaoni. Alhamisi, Shangazi akiwa ameenda kufunga milango kwenye nyumba ya mteja, Chiriku aligundisha vipande kimoja baada ya kingine. Alipofika cha kumi, ncha mbili za mwisho hazikukutana. Zilibaki zimeachana, katikati pana mwanya wa kupitisha kidole.

Chiriku alivuta. Akasukuma. Gundi ilikuwa imeshashika, na nyota haikusogea hata kidogo. Mara akakumbuka jinsi Shangazi alivyokuwa akiziba matundu ya misumari kwenye makabati. Akachanganya vumbi la mbao na gundi, akaushindilia mchanganyiko huo kwenye mwanya mpaka ukajaa. Ulipokauka kwa juu akausugua kwa msasa, kisha akaipaka nyota nzima rangi ya njano, mara mbili. Ukiitazama, ungeapa kwamba ilitoka kwa fundi.

Hata Shangazi aliporudi alisimama kuitazama. "Haya, hii ni kazi," alisema. Jirani aliyekuja kuulizia kabati lake akaonyeshwa pia. "Mpwa wangu huyu ametengeneza mwenyewe, sijaigusa." Chiriku alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa asipate la kuongeza.

Ijumaa mapambo yalipangwa kwenye madawati. Palikuwa na vikapu, fremu za picha, na kitabu cha mbao kilichofunuliwa kurasa, kilichochongwa na mvulana waliyemwita Mzee kwa sababu ya kuongea polepole kama mwenye wajukuu. Mwalimu alizunguka mara mbili, akasimama mbele ya nyota.

"Hii," alisema. "Tazameni ncha zilivyokaa sawa. Kitabu cha Mzee ni cha pili. Chiriku, nenda nayo nyumbani uifunge kulabu, uilete Jumatatu asubuhi. Na uandae maneno machache. Machache, nimesema."

Darasa zima lilicheka. Chiriku alirudi nyumbani kama miguu haigusi chini, akipanga jinsi atakavyoanza: "Wageni wetu waheshimiwa."

Jumamosi asubuhi aliilaza nyota kwenye meza ya karakana ili aifunge kulabu. Mdogo wake wa darasa la kwanza, waliyemwita Pipi, alikuwa kando yake akifanya mazoezi ya wimbo.

"Dada, unajua sisi ndio tunaowapokea wageni? Tutasimama pale pale mlangoni," alisema Pipi. "Mimi nimewekwa katikati. Chini kabisa ya nyota yako."

Ndipo Chiriku alipoona ufa. Ulikuwa mwembamba kama uzi, umepita katikati ya rangi, pale pale alipoziba. Akabonyeza kwa kidole. Kile kidonge cha vumbi na gundi kikacheza kama jino bovu.

Kopo la rangi lilikuwa mkono wa kulia, bado lina rangi ya kutosha. Alichukua brashi, akaichovya. Ufa ungefunikwa kwa dakika moja. Nyota ingetundikwa, wageni wangepiga makofi, naye angeshika kipaza sauti. Upande wa pili wa meza, Pipi alikuwa akiimba ameinua uso juu, macho kwenye paa, akijifunza kuwatazama wageni.

Chiriku aliogopa. Alifikiria uzito wa ile nyota na urefu wa ule mlango. Akairudisha brashi kwenye kopo, akaenda uani alikokuwa Shangazi akianika mbao.

"Shangazi, ile nyota niliidanganya."

"Uliidanganya vipi?"

"Ilibaki na mwanya. Nikauziba kwa vumbi na gundi, nikapaka rangi. Mama nilimgundisha pamoja na watoto, kwa sababu alikuwa mzuri. Sasa ina ufa, na Pipi ndiye atakayesimama chini yake." Aliyasema yote kwa pumzi moja, kisha machozi yakamtoka.

Shangazi aliingia karakana, akaishika nyota kwa mikono miwili, akaikunja kidogo. Kidonge kilidondoka mezani na ncha ikafunguka mdomo. Shangazi akakitazama kile kidonge.

"Miaka ishirini niko kwenye mbao, na umenipata," alisema taratibu. "Mwanya haunisumbui. Nina chumba kizima nimekijaza mianya nilipokuwa najifunza. Kinachoniuma ni kwamba nilimwambia jirani kwa mdomo wangu kwamba hii ni kazi, na wewe ulikuwa umesimama pale ukanitazama."

Chiriku aliona heri angechapwa.

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza.

"Tutafanya? Mimi nina kabati la watu. Wewe una mbao, una msumeno, na una leo na kesho. Mikono yako ni mizuri, hilo sikukosea. Na Jumatatu utampelekea mwalimu zote mbili, maana aliyoichagua ni hii iliyoachama. Mpya hajaiona."

Basi Chiriku akaanza upya. Alikata mama, akamtia alama nyekundu nene, akamweka pembeni. Kila kipande alikilaza juu ya mama, akakata upande wa ndani wa mstari, akapima tena. Mara mbili Pipi alimwita wakacheze, na mara mbili alijibu neno moja tu, jambo lililomfanya mama yao atoke jikoni kuangalia kama mtoto anaumwa. Jumapili mchana aligundisha kipande cha kumi. Ncha zilikutana zenyewe, bila kusukumwa. Alipitisha ukucha kwenye kiungo akakuta hata ukucha haupiti, akafurahi mpaka akacheka peke yake. Muda ulitosha kupaka rangi mara moja tu, na hapa na pale mbao zilionekana kwa chini.

Jumatatu alifika ofisini kwa mwalimu kabla ya kengele, amebeba nyota mbili. Alieleza yote bila kurembesha. Mwalimu alisikiliza, akakipitisha kidole chake kwenye mwanya wa ile ya kwanza. Kisha akaichukua nyota mpya, akaitundika kwenye msumari wa ukutani, akaning'iniza juu yake mkoba wake uliojaa madaftari. Nyota haikutikisika.

"Hii inafaa kukaa juu ya mlango," alisema. "Lakini Ijumaa nilichagua kazi niliyodhani ni kamili, kumbe sivyo. Kwa haki, aliyeshinda Ijumaa ni Mzee. Kitabu chake kitakaa juu ya meza ya wageni, na atakayezungumza ni yeye. Nyota yako itatundikwa, ila hutaizungumzia. Umenielewa?"

Maneno yote aliyoyapanga Chiriku tangu Ijumaa, kuanzia kwa wageni waheshimiwa, yalikuwa bado yamejipanga kichwani. "Nimeelewa, mwalimu," alisema, na safari hii alikuwa ameelewa kweli.

Baadaye, kabla ya wageni kufika, alimkuta Mzee nje, mwalimu ameshamwambia, uso umempauka. "Mimi... nitasema nini?" aliuliza.

"Eleza ulivyokichonga. Na ukikumbuka pale ulipokosea, eleza na hapo pia. Ukikwama, nitazame, nitakuitikia kwa kichwa."

Saa nne wageni walifika. Wazazi walijaa uwanjani, Shangazi akiwa miongoni mwao, leo bila penseli sikioni. Mzee aliongea taratibu, akakwama mara moja, akamtazama Chiriku, akaendelea. Kisha watoto wa darasa la kwanza wakajipanga mlangoni kwa safu mbili, Pipi katikati, wakaanza kuimba.

Walikuwa kwenye ubeti wa pili upepo ulipovuma ghafla. Mlango wa maktaba ukajibamiza kwa kishindo, fremu yote ikatetemeka, vumbi la plasta likawamwagikia watoto vichwani. Kila mtu aliinua macho. Nyota ilipiga ukuta, ikarudi, ikapiga tena. Kisha ikatulia pale pale kwenye kulabu yake. Watoto walipepesa macho, wakajifuta vumbi, wakaendelea na wimbo wao.

Mkono mzito wenye sugu ukamshika Chiriku bega.

"Umeona?" Shangazi alimnong'oneza. "Kukosea kipimo ni jambo la kila fundi. Hata mimi wiki hii nimekosea mara tatu. Ubaya unaanza pale unapojua kwamba kazi ina kasoro, ukaipaka rangi, halafu ukamwacha mtu asimame chini yake. Ulichosema Jumamosi kilikugharimu kipaza sauti. Mtazame mdogo wako, kisha uniambie kama ilikuwa ghali."

Chiriku alimtazama Pipi, nywele zake zimejaa vumbi jeupe, akiimba kwa nguvu zake zote. Alitingisha kichwa kukataa. Wimbo ulipoisha, watoto wakageuka, wakapita mlangoni wakisukumana kwenda kuviona vitabu.