Mlio Chini ya Boneti

"Usiguse hicho kitufe."

Athanasi alisema hivyo bila kugeuka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani wa Land Cruiser. Injini ilikuwa inaunguruma, lakini gari halikuwa linakwenda popote.

Nyanjige aliondoa kidole kwenye kitufe cha kuzungumza cha simu.

Hedifoni za Sony zilimbana masikio. Mahali fulani nje ya Bariadi, Nokia ndogo ya tochi ilikuwa ndani ya soksi ya Mayala, laini ikiwa wazi. Mayala alikuwa jasusi mwenzake. Tangu kiangazi kilichopita alijifanya dereva wa Dokta Pruett, mgeni aliyeingia Simiyu akijiita mtaalamu wa mifugo. Kisanduku cha baridi cha Pruett kilibeba chupa za vijidudu. Zikifunguliwa mnadani, ng'ombe wangekufa mkoa mzima. Kisha kampuni yake ingekuja kuuza chanjo.

Asubuhi hiyo watu wa Pruett walimbadilishia Mayala gari ghafla. Kifaa cha kumfuatilia kilibaki chini ya gari la kwanza.

Na minada ilikuwa miwili. Nkoma na Lamadi. Barabara zinazopeana mgongo.

Nyanjige alikuwa njia panda na gari moja, na vijana wawili wa kikosi kiti cha nyuma.

Alisikiliza. Hakuwa na kingine cha kufanya.

*Tak-tak-tak-tak.*

"Sauti gani hiyo?" Ilikuwa sauti ya Jilala, mlinzi wa Pruett.

"Injini inagonga, kaka," Mayala alijibu. "Beringi ya konrodi imekwisha. Tukiendelea, hii gari inatufia njiani."

Nyanjige alikunja uso. Kabla ya kuingia Idara ya Usalama alikuwa fundi katika karakana ya jeshi. Konrodi iliyokufa, ule mkono wa pistoni, hugonga kwa uzito, kama nyundo kwenye gogo, na ukikanyaga mafuta inazidi. Mlio huu ulikuwa mwepesi, mkavu, na nyuma yake kulikuwa na mpumuo mdogo.

Moshi ulikuwa unavuja kwenye gasketi ya manifoldi, pale bomba la kutolea moshi linaposhikana na injini. Basi. Gari linaweza kutembea na mlio huo mwaka mzima.

"Anawadanganya," alisema. "Injini ni nzima. Anataka wasimame, waite gari jingine, wataje walipo."

"Safi!"

"Si safi. Ule mlio ni wa injini baridi; walikuwa wamesimama, ndiyo kwanza wameiwasha tena. Ikipata moto, chuma kinatanuka, ufa unaziba. Mlio unapotea."

Athanasi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Ukipotea?"

"Watajua anadanganya."

Kwenye hedifoni, gari lilisimama. Boneti ilifunguliwa. Mayala aligongagonga vyuma kwa spana, akaeleza hili na lile, akalaani oili mbovu. Aliongea sana. Nyanjige alitamani anyamaze kidogo.

Hatimaye Jilala akapiga simu.

"Lete gari nyingine, haraka. Tuko kabla ya Mkula, hapa kwenye mashamba ya pamba."

"Lamadi!" Nyanjige alipiga dashibodi.

Land Cruiser iliruka. Alinyakua redio ya Motorola.

"Kituo, hapa Tai. Barabara ya Lamadi, kabla ya Mkula. Fungeni mbele."

"Tai, hatuna gari upande huo."

"Rudia."

"Hatuna gari. Mko peke yenu."

Athanasi alikanyaga mafuta hadi mwisho. Dutwa ikapita kama upepo. Bado mbali.

Ndani ya hedifoni, Pruett alizungumza Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Washa tena."

"Dokta, ukiiwasha unaiua kabisa."

"Washa."

Injini iliwaka.

Ikanguruma laini, bila doa.

Nyanjige alifumba macho.

"Mbona imenyamaza?" Jilala aliuliza taratibu. "Wewe. Mbona imenyamaza?"

Injini ilizimwa. Mlango. Miguu ikikimbia. Kisha Jilala akapiga kelele: "Ametupa ufunguo! Ameutupa kwenye pamba!"

Mlio wa risasi ulipasua hedifoni.

 Nyanjige aliwasikia Jilala na Pruett wakitukanana, wakiingia shambani kuutafuta ufunguo. Zikabaki pumzi tu, nzito, karibu sana na simu.

"Dada Nyanjige."

Sasa alibonyeza kitufe.

"Niko hapa, Mayala! Tunakuja. Usilale."

"Sijui kama unanisikia. Nilizima spika, nikiogopa ingeniumbua."

"Nakusikia!"

"Kisanduku kiko chini ya kiti. Hawajakifungua." Alikohoa. "Ilikuwa manifoldi tu. Najua ulijua."

"Nilijua. Mayala, nilijua tangu mwanzo!"

Aliyarudia maneno hayo mara nyingi. Upande wa pili hakuna aliyeyapokea.

Waliikuta Hilux nyeupe ya Mayala imesimama kando ya barabara, boneti wazi; gari jingine lililoitwa lilikuwa bado halijafika. Jilala aliinuka katikati ya pamba, bastola mkononi. Glock ya Nyanjige ilibweka mara mbili. Jilala akaanguka ameshika bega.

Pruett alikuwa ameshafika kwenye gari. Kisanduku kilikuwa juu ya kichwa chake.

"Navunja!"

Nyuma yake, barabarani, vumbi lilikuwa linainuka. Kundi kubwa la ng'ombe lilikuwa linaswagwa kwenda mnadani. Kengele zao zilianza kusikika.

Angepiga, kisanduku kingeanguka. Nyanjige aliinama, akaiweka Glock chini, akainua mikono mitupu.

"Sawa, Dokta. Umeshinda. Tuzungumze."

Pruett alitabasamu. Hakumwona Athanasi akitokea nyuma ya Hilux, wala wale vijana wawili. Mmoja alidaka kisanduku. Athanasi alimlaza Pruett kifudifudi kwenye lami na kumfunga pingu.

Hakuna chupa iliyopasuka.

Mayala alikuwa ameegemea ukingo wa mtaro, soksi imeshuka, damu imejaa shati. Nyanjige alipiga magoti na kumgusa shingoni. Alisubiri. Akahamisha vidole, akasubiri tena. Kisha akavua koti lake na kumfunika uso.

Ng'ombe walifika. Mzee aliyewaswaga alisimama, fimbo begani.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, kama mama.

"Mwangaluka, baba."

"Gari limewafia?"

Nyanjige alisogea mbele ya koti. 

"Ndiyo, baba. Limetufia. Wapitishe upande ule, mbali kidogo na hapa."

Mzee alipiga mluzi. Ng'ombe wakapita polepole, wanene, weupe na wekundu, pembe zikigongana. Nyanjige alisubiri hadi ndama wa mwisho alipopita. Kisha akaiokota Glock, akaifuta vumbi, akavaa miwani yake ya jua, na kuondoka kwa miguu kufuata barabara ya Lamadi, ambako lile gari jingine lingetokea.

Athanasi alimwita mara moja tu.

Hakugeuka.