Pumzi Kichakani

Rafiki yangu Sumiyem si mwoga, ndiyo maana nilimwamini aliponisimulia. Kijijini kwao, kwenye milima ya Java, mama yake alikuwa na pumu, na ikimbana walimvutisha moshi wa majani ya kecubung, kichaka chenye sumu na maua kama tarumbeta. Alasiri moja ya mvua majani yaliisha, na kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi. Sumiyem akakimbilia uani kwa jirani yao, Paini, ambako kichaka kilikuwa kimestawi.

"Chuma machache, shoga," Paini alimtania kutoka jikoni. "Ukizidisha, mama yako atacheza ngoma na kuku!"

Wingu lilikuwa limeshuka, uani kukawa giza kama ndani ya mtungi. Sumiyem alipoinama kuchuma, akasikia filimbi ileile, nyembamba, ikikatika katikati kama ya mama yake. Ilitoka ndani ya kichaka, karibu kabisa na uso wake.

"Mama?"

Filimbi ikanyamaza.

Alikimbia hadi nyumbani. Akamkuta mama yake ameketi kitandani, anachana nywele.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu? Mimi nimepona. Kifua chepesi kama pamba!"

Sumiyem akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia, akalaza sikio kifuani pake. Mama akaendelea kuongea, akacheka, akaulizia chai. Sumiyem akasikiliza, akasikiliza tena. Kifuani mle hamkuwa na pumzi iliyoingia wala iliyotoka.