Mizunguko Iliyopungua kwenye Transfoma

Jumamosi, tarehe 27 Juni 1998, kulikucha kwa ubaridi mjini Mtwara. Umande ulikuwa umelowesha mabati ya nyumba za mtaa wa Likombe, na upepo wa kusi ulitikisa majani ya mikorosho nyuma ya madrasa.

Sharifa Fadhili, msichana wa miaka kumi na tatu, aliswali alfajiri, akafagia uwanja na kuchemsha muhogo wa wadogo zake. Kisha alimuaga mama yake, akaenda kwenye kibanda cha mjomba wake, Mzee Isihaka. Mzee huyo alikuwa fundi redio, na kibanda chake kilitazamana na madrasa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kaa. Mwenye njaa hahesabu vizuri."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufika Maulidi ya madrasa. Mwaka uliopita walitumia muziki wa kukodi wa Bwana Ayubu. Zamu ya wasichana kusoma kasida ilipofika, Bwana Ayubu alichomoa nyaya, akapakia spika zake kwenye gari na kwenda nazo harusini Mikindani. Wasichana walisoma hivyo hivyo. Sauti zao hazikuvuka mkeka wa tatu. Sharifa, aliyekuwa mstari wa mbele, kesho yake alimwambia mjomba wake, "Mwakani tuwe na chetu. Nifundishe, nitakitengeneza."

Mzee Isihaka hakumcheka. Alikuwa na sanduku la valvu, zile chupa ndogo za kioo za redio za zamani, ambazo ndani yake mna waya unaowaka mwekundu kama kaa la moto. Vijana wa mjini walishazisahau. Yeye alijua kwamba valvu tatu zikiunganishwa vizuri zinaweza kuikuza sauti ya mtoto mmoja ikasikika mtaa mzima.

Tangu mwezi wa Rajabu walikuwa wakifanya kazi hiyo kila Jumamosi. Walikunja debe la mafuta ya kupikia likawa sanduku la amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, wakatoboa matundu ya valvu, na Sharifa akajifunza kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha. Ilibaki transfoma, chombo kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa: mwingi kwa kazi hii, mdogo kwa kazi ile. Transfoma waliyokuwa nayo ilikuwa imeungua. Ilibidi isukwe upya kwa waya mwembamba wa shaba.

"Waya wa kwanza kabisa, huu wa chini, unapokea umeme wa ukutani," alisema mzee. "Mizunguko mia tisa na ishirini. Ikipungua, valvu zitapata umeme mwingi kuliko zinavyoweza kubeba. Kila ukifika mia, weka korosho moja kwenye bakuli. Ukipoteza hesabu, fungua waya wote, anza upya. Mita yangu imekufa sindano, kwa hiyo sina cha kupimia. Bakuli hili ndilo mita."

Alimwachia kazi, akaenda kuswali adhuhuri.

Sharifa alizungusha mkono wa mashine ya kusukia waya taratibu. Bakuli lilikuwa na korosho tano pale Bwana Ayubu alipopita na kusimama barazani.

"Eh, leo fundi ni wewe? Binti, wenzako wanasuka nywele, wewe unasuka waya?"

"Nywele zangu zimeshasukwa, Bwana Ayubu," alijibu Sharifa bila kusimamisha mkono. "Hizo zako ndizo zinazohitaji fundi."

Bwana Ayubu, aliyekuwa na kipara, alicheka. "Mdomo unao. Akili ya umeme ndiyo huna. Siku ya Maulidi mtanipigia magoti."

"Tutampigia magoti Mwenyezi Mungu peke yake."

Waliendelea kurushiana maneno, na mkono wa Sharifa ukaendelea kuzunguka. Bwana Ayubu alipoondoka, Sharifa alitazama waya. Hakujua amefika wapi. Ilikuwa mia sita? Mia saba? Alijua alichotakiwa kufanya. Lakini kufungua waya wote kungekuwa sawa na kukiri kwamba yule mtu ameshinda. Alichukua korosho mbili, akazitia bakulini.

Mjomba wake aliporudi aliuliza, "Umefika ngapi?"

"Mia saba, mjomba."

"Mashaallah," alisema mzee. Hakuhesabu upya. Sharifa alimalizia mizunguko iliyobaki, na nyaya nyingine zikasukwa juu yake.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, kamati ya madrasa ilikusanyika kuona majaribio. Maalimu Kassimu, mwalimu mkuu wa madrasa, alikaa mbele. Bwana Ayubu, ambaye naye alikuwa mjumbe, alisimama nyuma. Mzee Isihaka hakumruhusu Sharifa kugusa chochote chenye umeme. Alichomeka waya yeye mwenyewe.

Valvu ziliwaka, lakini hazikuwa nyekundu kama kaa. Ziliwaka kwa weupe mkali. Maalimu alisema "Bismillahi" kwenye maikrofoni, na neno hilo likatoka spikani kwa kishindo hata kuku wakatawanyika. Mara harufu ya kuungua ikatoka. Valvu kubwa ilimulika mara moja, ikazimika. Mzee alichomoa waya kwa haraka.

"Mzee Isihaka," alisema Bwana Ayubu, "kubali tu. Macho yamekwisha."

Mzee alipangusa miwani yake. "Labda ni kweli," alisema taratibu. "Labda nimeunganisha vibaya. Macho haya si ya jana. Nimewaaibisha, nisameheni. Baada ya Maulidi nitafunga kibanda."

Maalimu alisikitika, lakini siku zilikuwa zimekwisha. "Bwana Ayubu, utatusaidia?"

"Nitawasaidia mpaka isha. Baada ya hapo nina harusi."

Wasichana walitazamana. Walijua zamu yao huja baada ya isha.

Jua lilipozama aliswali magharibi na wanawake, nyuma ya pazia. Katika sijida alianza kumwomba Mungu aifufue ile valvu. Aliacha katikati. Aliona haya kumwomba Mungu afiche jambo ambalo Yeye mwenyewe alilishuhudia. Aliomba kitu kingine: ulimi usiotetemeka. Alipotoa salamu aliondoka moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa kamati, nje ya msikiti.

"Maalimu, naomba niseme. Mjomba hakukosea. Mimi nilisuka ule waya. Nilipoteza hesabu, nikaongeza korosho mbili bakulini, nikamwambia nimefika mia saba. Macho ya mjomba ni mazima. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Si nilisema?" Bwana Ayubu alidakia. "Nilisema msichana hawezi."

Sharifa alimgeukia. Sauti yake haikutetemeka. "Ulisema hivyo, na mimi nikaona bora nidanganye kuliko kukupa nafasi ya kunicheka. Hilo ni kosa langu na nitalijibu kwa Mungu. Lakini kusuka naweza. Nipeni mpaka Jumatatu alasiri. Ikishindikana, chukueni muziki wake."

Maalimu alimtazama Mzee Isihaka. Mzee alikuwa akimtazama mpwa wake kana kwamba hamfahamu.

"Umenifanya niyakane macho yangu mbele ya watu," alisema. Kisha akairekebisha miwani yake. "Kesho njoo mapema. Ile valvu kubwa imebaki moja tu sandukuni. Ikiungua hiyo, sina nyingine, na sijui wa kumwomba."

Jumamosi walifungua transfoma. Waya wa uongo ulikuwa chini kabisa, kwa hiyo iliwabidi waondoe kwanza kila waya mzuri uliokuwa juu yake. Walipofika chini walihesabu pamoja. Ilikuwa mizunguko mia saba na arobaini. Ilipungua mia moja na themanini.

"Anza," alisema mzee.

Safari hii Sharifa alihesabu kwa sauti. Salma na Mwanaisha, wenzake wa kasida, waliketi kando yake wakiandika kila mia kwa chaki ukutani. Bwana Ayubu alipita mchana.

"Bado mnahangaika na chupa hizo?"

"Mia tatu na kumi na sita," alisema Sharifa. "Mia tatu na kumi na saba."

"Nasema na wewe, binti."

"Mia tatu na kumi na nane."

Bwana Ayubu alisimama kidogo, akajikuna kipara, akaenda zake. Wasichana walicheka, lakini Sharifa hakucheka mpaka alipofika mia nne. Siku ya Jumapili alisuka nyaya za juu. Vidole vyake vilichubuka, akavifunga kitambaa na kuendelea.

Jumatatu alasiri, siku ya Maulidi yenyewe, uwanja ulijaa. Mzee alisoma dua, akachomeka waya. Watu walingoja. Valvu zilianza kuwaka polepole, zikawa nyekundu kama kaa, zikabaki hivyo. Spika ilinguruma kidogo, mzee akasogeza waya mmoja, ikatulia. Walingoja dakika kumi, na transfoma ilikuwa na uvuguvugu tu.

"Alhamdulillahi," alisema Maalimu Kassimu. "Bwana Ayubu, leo nenda harusini mapema kama upendavyo."

Bwana Ayubu aliinama kutazama valvu kwa karibu. "Sitaki kusema uongo," alisema. "Zinapendeza."

Mzee Isihaka alimwita Sharifa mbele ya kamati na wasichana wote wa kasida.

"Mpwa wangu, kubisha si dhambi," alisema. "Wakikwambia huwezi, bisha. Mimi pia nimebisha sana katika maisha yangu. Lakini mtu anayebisha anatazamwa kuliko wengine, hivyo hesabu yake lazima iwe safi kuliko ya wengine. Ulipodanganya, kwanza uliniumiza mimi. Pili, uliwafanya watu wafikiri kwamba yule aliyekudharau alikuwa na haki. Ulipokiri, uliyarekebisha yote mawili. Watoto, na nyinyi sikieni. Ukikosea kazi, unaweza kuifungua na kuianza upya. Lakini kosa ukilificha, linakaa chini, na kila kizuri utakachojenga juu yake utakuja kukibomoa."

Alimpa maikrofoni. "Kibanda sikifungi. Nitaendelea kukufundisha, kama una la kuwaambia hawa."

Sharifa aliishika kwa mikono miwili yenye vidole vilivyofungwa vitambaa. Sauti yake ilitoka spikani, ikavuka uwanja, ikafika barabarani, na watu waliokuwa wakipita wakasimama.

"Mimi, Sharifa binti Fadhili, naahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, mbele ya mjomba wangu na mbele yenu nyote: nikipoteza hesabu nitasema nimepoteza, hata kama yupo wa kunicheka. Na nitaanza upya palepale, mbele yake."