Tulingoja Mbuzi wa Ntheo

Niko na miaka thelathini na nane, nashona nguo hapa Mumbuni, Machakos. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nisameheni nikieleza vibaya…

Mama yetu alikufa na saratani ya titi. Nyanya pia. Tulibaki mimi na mdogo wangu Mwende, tukalelewa na aunti, mdogo wa mama.

Nilipoenda kupimwa, sikupatikana na kitu. Lakini daktari akaniambia watu wa familia kama yetu hatufai kungoja mpaka tusikie uvimbe. "Lete na mdogo wako," akasema.

Shida ni kwamba Mwende alikuwa amechumbiwa na Mutua! Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishaletwa ndipo msichana anajulikana ni mke wa watu. Aunti akakataa kabisa.

"Aonekane hospitali saa hii? Hao watu wataacha kuhesabu mbuzi waanze kuhesabu makaburi yetu!"

Mwende akacheka. "Dada, kwani titi langu linatoroka? Wacha mbuzi waingie kwanza."

Sitaki kumlaumu aunti. Alizika mama yake, akazika dada yake. Aliogopa tu Mwende aachwe. Nilibembeleza, nikalia… lakini mtu mzima ungemburuta aje?

Kiangazi kikakondesha mbuzi. Ntheo ikasongezwa mpaka mvua inyeshe.

Siku ikafika, vigelegele! Mama Mutua akamkumbatia Mwende kwa nguvu. Nikamwona mdogo wangu akikunja uso, akishika kwapa.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe. Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imeingia kwa mifupa, akalazwa.

Mama Mutua alipokuja wodini, aunti alipiga magoti kuomba msamaha kwa kuficha. Yule mama akamwinua, akachukua mkono wa aunti akauweka kifuani mwake mwenyewe, upande wa kushoto. Kulikuwa na kitambaa tu, kimekunjwa ndani ya sidiria.

"Mimi nilikatwa titi Mutua akiwa mdogo," akasema. "Waliiona mapema. Kwani mngetuambia, tungerudi na mbuzi?"

Mwende bado ako wodini. Mutua humlisha uji, akitapika anampangusa. Mbuzi waliobaki baada ya sherehe wako kwetu, wamenona…

Wasomaji wenzangu, kama mama, nyanya au aunti yako aliugua titi, mwambie daktari, akuambie uanze kupimwa lini. Usingojee sherehe ya mtu, nakuomba! Siwezi kuapa kwamba Mwende angepona. Labda angepona, labda la. Hiyo ndiyo inanimaliza… sitawahi kujua.