Mkohozi wa Paa la Choo

Kila jioni Husnah alikuwa na kazi zake. Akitoka shule alivua sare, akachota maji bombani, akaosha sufuria, kisha akamwogesha mdogo wake Akram, aliyekuwa na miaka sita na asiyependa maji. Familia yao iliishi katika kambi ya polisi jijini Kampala. Baba yao, Yasiin, alikuwa askari wa zamu ya usiku huko Nakasero. Mama yao, Sitti, aliuza sambusa mbele ya nyumba. Kazi zikiisha, Husnah alikaa kwenye ngazi ya baraza, na watoto wa safu ile ya nyumba wakamzunguka huku mama zao wakisonga posho, ule ugali wa mahindi.

Walikuja kwa ajili ya hadithi. Husnah alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amesoma vitabu vyote vya hadithi za ajabu vilivyokuwa katika kabati la darasa lao. Alitaka siku moja aandike cha kwake. Kwa sasa alisimulia. Kambi ile ilikuwa na Waacholi, Walango, Wanubi na wengine, na wote walielewana kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeachwa nje.

Tatizo lilianza na Okidi, mvulana wa nyumba ya pili, aliyemzidi Husnah kwa mwaka mmoja na kwa mdomo. Jioni moja Husnah alikuwa akisimulia juu ya joka lililolala kwenye mlima wa theluji. Okidi akamuuliza kama amewahi kuona theluji. Husnah akasema hapana. Akamuuliza tena kama amewahi kuona joka.

"Basi unatuuzia sambusa isiyo na nyama," Okidi alisema.

Watoto walicheka, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kucheza mpira. Husnah akabaki na Akram.

Maneno yale yalimuuma, lakini alipoyafikiria aliona yana ukweli ndani yake. Watu hawaogopi kitu cha mbali. Akaanza kutazama vitu vya karibu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vyoo vya safu nzima. Juu ya dari ya vyoo hivyo lilipita bomba kuukuu. Maji yakikatika na kurudi, bomba lile lilikohoa kama mzee mwenye kifua. Kando ya vyoo kulikuwa na jalala, na juu ya jalala walisimama kaloli, wale ndege warefu wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni. Na kila alfajiri Mzee Odyek, sajini mstaafu wa nyumba ya mwisho, alipita pale amevaa gambuti, akiburuta mguu aliouvunja zamani kazini. Husnah alivichukua vitu hivyo vitatu akaviunga pamoja, na akampata Mkohozi.

Jioni iliyofuata aliwaambia kwamba Mkohozi hukaa juu ya dari ya choo. Ana upara na shingo ndefu. Hukohoa kwanza, halafu hushuka polepole akiburuta mguu wake, na humchukua mtoto aliyeingia peke yake. Safari hii hakuna aliyekwenda mpirani. Hata Okidi alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni hadithi au ni kweli.

Hapo ndipo Husnah alipokosea. Aliwaona wote wanamtazama, na hakutaka kuwapoteza.

"Wallahi ni kweli," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mkubwa pale kambini. Watoto walikwenda chooni wawili wawili, na kila aliyerudi alikuwa na jambo la kumwuliza Husnah. Akram naye alimwomba dada yake amsindikize. Husnah alimsindikiza mara kadhaa, halafu akachoka, akamwambia asubiri. Akram akasubiri. Baadaye akaacha kuomba. Alipoona kwamba anayekunywa ndiye anayekojoa, aliacha pia kunywa. Chai yake aliimwaga nyuma ya jiko mama alipogeuka, na maji aliyopewa alimpa paka.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja Akram aliamka analia, ameshika tumbo, na mwili wake ulikuwa moto. Mama alimbeba akapanda naye boda boda hadi zahanati, na Husnah akawafuata kwa miguu. Muuguzi alimpima akasema ana ugonjwa katika njia ya mkojo. Akamuuliza Akram kama huwa anabana mkojo. Akram alitazama ukuta. Muuguzi akampa mama dawa, akamweleza kwamba dawa peke yake haitoshi: lazima mtoto anywe maji mengi na aende haja kila anapojisikia. Akiendelea kubana, ugonjwa utapanda mpaka kwenye figo, na hapo atalazwa hospitali.

Nyumbani Akram alimeza dawa lakini maji aliyakataa. Mama alimbembeleza, kisha akamtisha, kisha akakaa kitandani kando yake, kikombe kikiwa mkononi. Husnah alisimama mlangoni akaona yote. Yeye peke yake ndiye aliyejua sababu.

Mama alipotoka kwenda kugeuza sambusa, Husnah alimsogelea mdogo wake, akamwambia kwamba Mkohozi hayupo, ni yeye aliyemtunga.

"Uliapa," Akram alisema.

"Nilisema uongo."

"Sasa nitajuaje kama uongo ulikuwa ule, au ni huu?"

Husnah alitoka nje akamtafuta Okidi, maana hakuwa na mwingine wa kumwuliza. Alipoelezwa yote, Okidi aliona jambo hilo ni rahisi. Alimshauri amwambie Akram kwamba Mkohozi aligongwa na lori barabarani akafa. Husnah aliona ni wazo zuri. Alikuwa anarudi ndani kulitumia alipomwona Anti Vera akianika nguo za baba yake kwenye kamba.

Anti Vera alikuwa binti wa Mzee Odyek. Alikulia katika safu ileile, lakini sasa aliishi kwenye fleti huko Bukoto, akifanya kazi ofisini mchana na kuandika vitabu vya hadithi za ajabu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kila Jumamosi alikuja kumfulia baba yake. Husnah alimwogopa kama anavyoogopwa mwalimu mkuu, lakini siku hiyo alikwenda akamweleza kila kitu, isipokuwa jambo la mguu.

Vera alisikiliza bila kuacha kuanika. Kisha akaanza kuuliza, kama fundi anayekagua baiskeli. Kikohozi kilitoka wapi? Kichwa kilitoka wapi? Husnah alimjibu. Mkohozi anakula nini? Anaogopa nini? Hawezi kufanya nini? Husnah akasema hajui.

"Basi hukumaliza kazi," Vera alisema. "Umemwachilia mnyama usiyemjua mwenyewe."

Alimwambia kwamba watu hudhani waandishi wa hadithi kama zake hungoja ndoto. Yeye hangoji ndoto. Anatazama vitu, halafu anauliza maswali. Siku moja katika soko la Nakasero alimwona mtu amebeba kuku, amewashika miguu, vichwa chini. Akajiuliza kuku wale wanauonaje mji. Swali hilo likawa kitabu kuhusu mji unaoning'inia kichwa chini. Lakini kabla ya kukiandika ilimbidi ajue maji ya mji huo humwagika kwenda wapi, na mtoto wa huko akianguka huangukia wapi. Swali likikosa jibu, haandiki ukurasa unaofuata.

Husnah akamuuliza juu ya lile lori.

"Huo ni uongo wa pili wa kuzika wa kwanza," Vera alisema. "Kesho atakuuliza kama marehemu aliacha watoto. Mimi nikitunga, msomaji anajua nimetunga. Tumekubaliana, mimi na yeye. Wewe ulimnyima Akram makubaliano hayo. Mpeleke akaone ulikovitoa vitu vyako, kimoja kimoja. Lakini kwanza nenda kwa mama yako."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu. Sitti alikuwa akisukuma unga. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kama ni kweli Husnah aliapa kwa jina la Mungu. Husnah akaitikia kwa kichwa. Mama hakumpiga wala hakumkaripia. Alinawa mikono, akaenda kumbeba Akram, na Husnah akatamani afadhali angepigwa.

Walikwenda vyooni jua likiwa kali. Watoto wa safu nzima waliwafuata, na Vera akaja na baba yake. Husnah alisimama mbele ya wote akasema kwamba hakuna Mkohozi, kwamba alidanganya na akaapa juu ya uongo. Kisha akaanza kuonyesha. Alimwelekeza Akram kwenye jalala.

"Kichwa nilikitoa pale," alisema.

Kaloli mmoja aligeuza upara wake akawatazama. Akram akamtazama pia, kwa muda mrefu. Halafu Mzee Odyek alifunga koki ya maji, akaacha kidogo, akaifungua. Bomba likakohoa. Akram alishika gauni la mama yake kwa nguvu. Mzee akarudia. Mara iliyofuata Akram aliomba kuifungua yeye mwenyewe, akaizungusha kwa mikono miwili, na bomba likakohoa kwa amri yake.

"Na mguu?" akauliza.

Husnah aliangalia chini. Angeweza kunyamaza, lakini Akram alikuwa anangoja, na kipande kimoja kikifichwa, vingine vyote havitakuwa na maana.

"Mguu ni wa Mzee Odyek," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mzee Odyek aliangalia gambuti zake, ya kulia, kisha ya kushoto.

"Kumbe mimi ni shetani wa choo," alisema, "na hakuna aliyeniletea hata taarifa."

Vera ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata. Husnah alimwomba mzee msamaha. Mzee akamjibu kwamba mguu ule ulitumikia serikali miaka mingi, basi na utumike kidogo kwenye hadithi, ila safari nyingine aombwe ruhusa. Okidi naye akasema kwa sauti kwamba tangu mwanzo alijua ni uongo. Aryemo, dada yake mdogo, akamuuliza mbele ya wote ni nani basi aliyekuwa akimwomba yeye amsindikize chooni kila usiku. Okidi akapata shughuli ya kufunga kamba za kiatu.

Akram hakucheka. Alikuwa bado anafikiri.

"Anakula nini?" alimwuliza dada yake.

"Sijui. Wewe unaonaje?"

"Anakula sabuni. Ndiyo maana hapa chooni sabuni haikai."

"Na anaogopa nini?"

"Kuoga," Akram alisema bila kusita. Kisha akamwachia mama gauni lake, akawaambia wote wasogee mbali, akaingia chooni na kufunga mlango.

Walimngoja. Alipotoka, Sitti alimpa kikombe cha maji, akakinywa chote akaomba kingine.

Dawa ilifanya kazi yake. Baada ya siku chache homa iliisha na Akram akaanza tena kukimbia kuoga. Jioni moja, wakikunja nguo, Sitti alimwambia Husnah neno alilokuwa ameliweka.

"Hadithi zako ni nzuri, tunga kila siku. Kiapo ni kitu kingine. Ukiapa juu ya hadithi, siku nyumba ikishika moto ukaja kuniamsha, nitalala kwanza nifikiri kama unasimulia. Mtu anayejua kusema vizuri lazima aaminike kuliko wengine, kwa sababu anaweza kudhuru kuliko wengine."

Usiku huo umeme ulikatika. Watoto walikusanyika kwenye ngazi, na Husnah akawaambia mapema kwamba atakayoyasema ameyatunga yeye, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Okidi alisema basi hayana haja ya kusikilizwa, akakaa katikati ya wenzake ambako hakuna baridi. Husnah akaanza. Waliogopa vilevile. Walishikana mikono, na Aryemo akafunika masikio huku akiacha nafasi ya kusikia. Hadithi ilipokwisha Akram alisimama, akavaa ndala zake, akaenda chooni peke yake gizani.